Kulinda Joto la Kitalu Wakati wa Kipupwe

Askari aliyewahi kushika zamu ya usiku mjini Mbarara mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa maana ya kipupwe. Jua huchwa likiwa bado linachoma, na watu hurudi kutoka sokoni wamefungua vifungo vya mashati. Lakini ifikapo saa kumi ya usiku, mlinzi wa langoni huvuta kola ya kabuti hadi masikioni na kuhesabu dakika zilizobaki. Mji huo umekaa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na katika kiangazi cha Juni hadi Agosti mbingu yake mara nyingi haina wingu. Wingu ni blanketi la nchi. Likikosekana, joto lililokusanywa mchana hupaa kwenda juu usiku kucha, na kabla ya mapambazuko kipimajoto huweza kuonyesha nyuzi 14 au 13 za sentigredi. Mtu wa Ulaya atacheka akisikia hali hiyo ikiitwa baridi. Mche wa nyanya hauchekeshwi nayo.

Nyanya ni mmea uliozoea joto. Mbegu yake ikitiwa katika udongo wa nyuzi 25 huota kwa muda wa siku 6 hivi. Katika udongo wa nyuzi 15 huchukua majuma mawili, na kwa kukaa ardhini muda mrefu namna hiyo hushambuliwa na ukungu na kuoza. Ule mche unaofaulu kujitokeza huwa dhaifu, majani yake hugeuka rangi ya zambarau upande wa chini, na asubuhi moja mkulima huukuta umelala, shina limenywea usawa wa udongo kana kwamba limekazwa kwa uzi. Mabwana shamba huuita ugonjwa huo kinyausi. Sasa, mwenye kutaka kuhamishia nyanya shambani mvua za Septemba zinapoanza hana budi kusia mbegu mwishoni mwa Julai, yaani katikati ya kipupwe chenyewe. Akingoja usiku upate joto, miche yake itakuwa tayari wakati ambapo kila mtu anayo na hakuna wa kuinunua.

Hilo ndilo lililomsumbua mama mmoja wa Kikongo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye hapa ataitwa Mama tu, kwa kuwa ndivyo majirani zake wamwitavyo.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipokimbia machafuko ya nchini mwao, na baada yao wamefika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, hata leo idadi yao imepita watu 100,000. Katika soko la huko Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura na cha kambi za askari wa Uganda hukutana juu ya fungu moja la dagaa na kuelewana bila mkalimani. Vilima vinazunguka mabonde, na usiku mtulivu hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka polepole kutoka vilimani na kutuama bondeni kama maji. Kipande cha ardhi alichopewa Mama kiko chini ya kilima.

Mama alivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2008, vita vya Kivu ya Kaskazini vilipopamba moto, akiwa na mtoto wake wa kiume na wakwe wawili. Mwaka wa 2022 nyumbani mwake walikuwa wamebaki yeye, mkwe mmoja na wajukuu wanne. Alikuwa akilima mahindi na maharage kama wengine, lakini fedha yake ilitoka katika miche: nyanya na kabeji, alizowauzia majirani na, alipopata nafasi katika gari, wakulima wa bustani za pembezoni mwa Mbarara. Baridi ya Julai ilikuwa ikimlia nusu ya kitalu kila mwaka.

Mwaka huo wa 2022 alinunua karatasi ya nailoni angavu, akaichomeka juu ya fito na kujenga kibanda kirefu ambacho mtu angeweza kuingia akiwa ameinama. Ndicho kiitwacho kitalu nyumba, ingawa chake hakikuwa na fahari ya vile vinavyoonekana katika picha. Mchana kilikuwa na joto la kutoa jasho. Usiku kilipoa. Basi Mama akafanya kile ambacho wengi wangekifanya: akawasha sigiri, makaa yakakolea vizuri hata moshi ukaisha, akaiingiza ndani. Na kwa kuwa miche huibwa, mjukuu wake wa miaka 14 akalala humo humo kuilinda, mlango wa nailoni ukiwa umekazwa kwa mawe.

Alfajiri mkwe alikwenda kumwamsha kijana asiamke.

Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya ile hewa safi inayomfanya mtu aishi. Aliyelala haamshwi nayo, huzidi kulala. Familia za askari zinazokaa katika chumba kimoja na kuingiza jiko la makaa ndani usiku wa baridi zinafanya jambo lile lile lililofanywa na Mama, tofauti ni kwamba wao wana kuta za matofali zinazobana zaidi kuliko nailoni. Kijana wa Nakivale aliokolewa na matundu. Koplo mmoja wa polisi aliyekuwa akirudi kutoka zamu alisikia kilio, akamchukua kwa pikipiki hadi kituo cha afya, na baada ya siku mbili za kutapika na kuumwa kichwa kijana akarudi nyumbani. Mama aliibomoa ile nailoni siku hiyo hiyo, akaikunja, akaiweka darini.

Kuanzia hapo Koplo na mkewe wakawa jamaa wa nyumba ile. Mke, mzaliwa wa Tororo, alikuwa na bustani ndogo nyuma ya nyumba za polisi, na Koplo alipohamishiwa Mbarara mwanzoni mwa mwaka 2023 waliendelea kununua miche ya Mama. Kwa hiyo walikuwa wa kwanza kusikia habari Julai ya mwaka huo, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kugawa chakula nchini Uganda kwa makundi: wenye dhiki kubwa wapate zaidi, wenye nafuu wapate kidogo, na wale walioonekana wanaweza kujitegemea waondolewe. Mama alikuwa na shamba na biashara ya miche. Hakungoja sana kujua angewekwa kundi gani. Muhula wa tatu wa shule ungeanza Septemba, na yule kijana aliyenusurika alikuwa sekondari.

“Nitaiteremsha ile nailoni,” alimwambia mke wa Koplo. “Lakini moto hauingii humo tena, mwanangu. Hata njiti ya kiberiti.”

Koplo alikuja siku yake ya mapumziko na kitabu. Kilikuwa kitabu kizuri cha bustani kilichochapwa Uingereza, chenye picha za nyumba za vioo, nacho kilieleza kwamba mtu akitaka joto la bure na ajenge ukuta mnene upande wa kaskazini, vioo vielekee kusini kwenye jua. Ukuta utakunywa joto mchana na kulitoa usiku. Walifyatua matofali mabichi siku tatu. Ukuta ulipofika mita 1 na sentimita 20, Koplo alisimama kando akaukagua kama mkaguzi wa gwaride. Mama aliingia ndani kuleta maji ya kunywa, na alipotoka saa sita mchana akasita mlangoni. Nusu ya tuta, ambalo lilikuwa na upana wa mita moja, ilikuwa kivulini.

“Afande, jua liko wapi?”

Koplo alitazama juu. Jua lilikuwa nyuma ya ukuta.

Uingereza iko mbali kaskazini, na jua kwao hupita upande wa kusini mwaka mzima. Mbarara na Nakivale ziko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, chini ya nyuzi moja. Juni na Julai jua la adhuhuri hupita upande wao wa kaskazini, na Desemba na Januari huhamia kusini. Kwa kipupwe, basi, ukuta ulitakiwa kuwa kusini. Koplo alikifungua kitabu tena, akasoma ukurasa ule ule kwa sauti, kana kwamba mara ya pili ungesema jambo jingine. “Kitabu hakina kosa, Afande,” Mama alisema. “Kimekosea nchi.” Matofali yalikuwa hayajakauka vizuri, kwa hiyo kuyahamisha hakukuwa kazi ndogo, na saba yalivunjika. Lakini upande wa kusini yalileta faida ya pili ambayo hakuna aliyeitafuta: upepo wa majira hayo hutoka kusini-mashariki, nao ukagonga ukuta badala ya kugonga nailoni.

Safari hii Mama alikataa kibanda kirefu. Nailoni ilitoka kichwani mwa ukuta ikateremka hadi ardhini upande wa kaskazini, urefu wa mita 4, chini chini, mahali ambapo hapawezi kulala mtu. Hoja yake ya kwanza ilikuwa hiyo ya mtu kulala. Lakini ni kweli vilevile kwamba nafasi ndogo ni rahisi kuilinda joto lake kuliko nafasi kubwa, na wengi wanaojenga vitalu nyumba virefu kwa ajili ya miche mifupi hupasha hewa isiyo na kazi.

Mke wa Koplo alileta vipimajoto viwili vya ukutani kutoka Mbarara. Kimoja kikawekwa ndani, kimoja nje kwenye kivuli. Asubuhi ya kwanza kabla ya mapambazuko, cha nje kilisoma nyuzi 13. Cha ndani kilisoma 12.

Walivibadilisha nafasi, wakidhani kimoja ni kibovu. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Jambo hilo huwashangaza wengi, lakini si uchawi. Nailoni ya kawaida huzuia upepo, ila joto linalopanda kutoka kwenye udongo usiku hupita ndani yake kama maji katika chujio na kwenda zake angani. Nje, hewa ya juu yenye vuguvugu kidogo huchanganyika na ya chini. Ndani hakuna kinachochanganyika, kwa sababu nailoni imeizuia. Kwa hiyo usiku mweupe usio na upepo kitalu kilichofunikwa nailoni pekee huweza kuwa baridi kuliko uwanja ulio wazi. Mwenye kununua nailoni na kwenda kulala akidhani amemaliza kazi amenunua nusu tu ya dawa.

Nusu ya pili ilikuwa chini ya wajukuu. Wanawake wa pande zile hufuma majamvi ya mafunjo yaotayo kwenye vinamasi vya ziwa. Funjo likikauka huwa limejaa hewa ndani, na kitu kilichojaa hewa iliyotulia ndicho kizuiacho joto, iwe ni sufi, manyoya ya kuku au sweta. Mama alikuwa na majamvi mawili ya ziada. Nailoni ilihitaji sita. Alifuma mawili kwa siku nne, na mawili ya mwisho aliyatoa kwenye malazi. Watoto wakalala wawili wawili kwenye magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba. Mkwe wake hakulifurahia jambo hilo, na alisema hivyo.

Kwa msomaji wa leo yafaa kutaja kwamba wakulima wa kaskazini mwa China wanafanya kazi hiyo hiyo kwa ukubwa wa kutisha. Katika majimbo kama Liaoning, ambako usiku wa majira ya baridi huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, wamekuwa tangu miaka ya 1980 wakijenga vitalu nyumba vyenye ukuta mnene wa udongo upande mmoja na nailoni upande wa jua, na jioni hukunjua mikeka minene ya majani makavu juu ya nailoni yote. Wengi wao hukuza matango humo bila kuwasha moto, au kwa moto wa dharura tu. Mama hakuwa amesikia habari za China. Shida ya namna moja huwafikisha watu kwenye jamvi.

Lililobaki lilikuwa kuweka joto la kulindwa, maana jamvi halitengenezi joto, hulizuia tu lisitoke. Hapa lilitumika chombo ambacho hakuna nyumba ya Nakivale inayokikosa: jerikeni la manjano la lita 20, ambalo Wakongo huliita bidoni. Uzito kwa uzito, maji hubeba joto karibu mara tano ya lile libebwalo na mawe. Mama aliyapaka majerikeni manane masizi ya sufuria yaliyokorogwa katika uji wa muhogo, akayajaza maji, akayapanga kando ya ukuta ndani ya kitalu mahali jua linapopiga tangu asubuhi. Jioni ukiyagusa yalikuwa na uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto.

Asije mtu akaambiwa kwamba ni muujiza. Majerikeni manane ni lita 160, na maji hayo yakipoa kwa nyuzi 8 kati ya machweo na alfajiri hutoa joto linalokaribia lile la gramu 180 za makaa, yaani chini ya robo ya kilo. Ni kidogo. Lakini hutoka polepole, usiku kucha, bila moshi, bila sumu, bila mtu wa kukesha, na bila kukata mti hata mmoja katika vilima ambavyo miti yake imekwisha kwenda katika mafiga ya watu. Kila asubuhi jerikeni moja lilitumika kunyweshea miche, ambayo hivyo ilipata maji vuguvugu badala ya maji ya kuishtua mizizi, kisha likajazwa upya.

Wakati ulikuwa na maana kuliko vifaa. Siku za mwanzo walifunika saa moja ya usiku, walipoanza kuhisi ubaridi wenyewe, na kipimajoto cha ndani kikasoma 15 alfajiri. Mke wa Koplo, aliyekuja kukaa siku tatu, ndiye aliyependekeza wafunike mapema. Walipoteremsha majamvi saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linaonekana na hewa ya ndani bado ina joto, asubuhi kilisoma 17, na nje 13. Tofauti ya saa mbili iliwapa nyuzi mbili. Binadamu hufunga dirisha akisikia baridi. Wakati huo joto limekwisha kuondoka.

Asubuhi kazi ilikuwa kinyume chake. Majamvi yalitolewa jua lilipoigusa nailoni, na ilipofika saa tatu ncha zote mbili zilifunuliwa, kwa maana hewa iliyofungiwa chini ya nailoni katika jua la Isingiro huweza kupita nyuzi 40 kabla ya adhuhuri, na miche iliyookolewa usiku ikauawa mchana. Aidha unyevu ukibaki ndani huleta ukungu. Mashamba makubwa ya waridi ya Naivasha nchini Kenya, ambako usiku ni wa baridi kuliko Mbarara, hupambana na adui huyo huyo. Kule shamba la Oserian lilipata kutumia joto la mvuke wa ardhini kupasha vitalu nyumba vyake usiku, na kazi kubwa ya joto hilo ni kukausha hewa ili ukungu usishike maua. Wenye volkano na watumie volkano. Nakivale walikuwa na mlango wa kufungua.

Chini ya miche kulikuwa na jambo la mwisho, nalo Mama alilijua tangu utoto. Nchi ya Ankole haina upungufu wa ng’ombe. Alichimba tuta kina cha nusu mita, akalijaza samadi mbichi iliyochanganywa na majani makavu, akaikanyaga, akainyunyizia maji na kuifunika. Samadi inayooza huchemka. Siku za kwanza huweza kufika nyuzi 50 na zaidi, na mwenye haraka akisia mbegu wakati huo huzichoma. Alingoja juma zima, hadi alipoweza kuuacha mkono ndani bila kuutoa. Ndipo akaweka udongo mzuri kina cha sentimita 15 juu yake na kusia, tarehe 24 Julai. Wakulima wa mboga wa Paris katika karne ya 19 waliilisha Ufaransa saladi wakati wa theluji kwa njia hiyo hiyo, kwa samadi ya farasi waliovuta magari ya mji ule. Nyanya za Mama ziliota siku ya nane.

Katikati ya Agosti maji ya bomba yalikatika.

Siku ya kwanza walitumia akiba ya nyumbani. Siku ya pili mkwe aliingia kitaluni na kutoa jerikeni moja, kisha la pili, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu watoto hawanywi jamvi. Jioni ya siku ya tatu yote manane yalikuwa matupu. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna upepo, nyota zimejaa. Na samadi, ambayo ilikuwa imefanya kazi karibu mwezi mzima, ilikuwa imepoa. Miche ilikuwa na majani manne manne. Ilibaki kama majuma mawili iwe tayari.

“Mama, tuwashe sigiri usiku huu tu,” mkwe alisema. “Humo ndani hakuna mtu.”

“Sigiri haiachwi peke yake karibu na nailoni,” Mama alijibu. “Nani atakaa nayo?”

Mkwe hakujibu. Kijana alikuwa ameketi kwenye kizingiti akimenya viazi, na wote wawili walijikuta wakimtazama. Naye akasema kwamba angekaa, haikuwa taabu, angekaa nje. Mama akamwambia amalize viazi.

Usiku ule walipika maharage, chakula ambacho hakiivi kwa haraka, na mafiga matatu yakashika moto sawasawa. Chakula kilipoepuliwa, Mama alichukua jembe, akakokota figa la kwanza hadi katika karai kuukuu, akalifunika bati, akalipeleka kitaluni mwenyewe na kuliweka juu ya vipande vya matofali, mbali na nailoni na mbali na mashina. Akarudi kuchukua la pili. Figa la kilo tano lililotoka motoni, kama lina nyuzi 200 ndani yake, hubeba joto linalokaribia la jerikeni moja zima la jua. Hayakuwa manane, yalikuwa matatu tu. Akaongeza mawe mengine mawili aliyokuwa ameyatia motoni tangu alasiri, mawe makavu ya kilimani, si ya mtoni, kwa sababu jiwe lenye maji ndani hupasuka likipata moto na kumuumiza mtu. Juu ya majamvi wakatandaza magunia yale ya majani ya migomba. Watoto usiku huo walilala kwenye nguo.

Kipimajoto cha ndani kilisoma 15 alfajiri. Nje kilikuwa 12, usiku wa baridi kuliko yote waliyoyaandika. Mstari mmoja wa miche, ule wa pembeni mwa mlango, ulianguka kwa kinyausi siku mbili baadaye. Maji yalirudi siku hiyo hiyo.

Mjini Mbarara mke wa Koplo alifanya lake kwa kiasi cha nyumba za polisi, ambako huwezi kujenga ukuta kila unapotaka. Alichukua sanduku la mbao, akalilaza likiegemea ukuta wa jikoni, akalifunika kwa dirisha la kioo lililotupwa, na jioni akalivika blanketi kuukuu la kazi la mumewe. Chupa kumi za maji zilizopakwa masizi zilikaa ndani. Jirani mmoja alimuuliza kama anafuga nyoka. Alipata miche 60 ya nyanya na 40 ya kabeji, zaidi ya alivyohitaji, akaigawa kwenye mstari mzima wa nyumba, na Koplo alilalamika kwamba blanketi halikurudi na harufu ya askari.

Mvua ya kwanza ya Septemba ilinyesha Nakivale usiku. Asubuhi Mama alikuwa amekwisha kung’oa miche ya kwanza, udongo umeshikamana na mizizi, kila mia moja katika jani la mgomba. Wanunuzi wawili walitoka Mbarara na gari, kwa kuwa kule mjini miche mingi ilikuwa bado mifupi kama kidole. Ilitoka zaidi ya elfu moja siku hiyo, na kijana alirudi shuleni akiwa na ada ya muhula mzima mfukoni mwa bibi yake, ambaye alikwenda kuilipa mwenyewe.

Majamvi sita yalipigwa vumbi, yakaanikwa juani siku mbili kati ya mvua na mvua, kisha yakarudishwa ndani ya nyumba. Mjukuu mdogo kuliko wote alilalia lake usiku mmoja, akaamka akilalamika kwamba linanuka majani ya nyanya.

“Basi mpe dada yako,” Mama alisema.

Akalikunja chini ya kwapa, hakumpa mtu.